Sanduku la Wajerumani na Ua wa Bibi

Mwaka jana nilirudi Munigi, kijiji chetu chini ya volkano. Ndugu yangu, usingepatambua: mawe meusi ya volkano yamefunika mashamba, na juu yake watu wanauziana viwanja. Kijana mmoja muuza viwanja alininong'oneza sikioni: "Mama, hapa chini Wajerumani waliachaka sanduku ya feza." Nilitaka kucheka, nikashikwa na uchungu. Sanduku hilohilo nililisikia miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo kwa bibi.

Bibi alikuwa mjane. Shamba lake la maharage lilipakana na la jirani, na mpaka ulikuwa ua wa miyenzi, mimea ya utomvu mweupe ambayo marehemu babu aliipanda. Jioni moja, chungu cha ndizi na maharage kikitokota, jirani akaja na habari zake: eti sanduku liko chini ya ule ua, tuchimbe tugawane. Bibi aliendelea kukoroga chungu. Jirani alipoondoka, bibi akasema, "Kwa nini ile mali inalalaka tu kwa shamba ya mujane? Kwa chifu haifikake?"

Kijiji kikamlaumu kwamba anazuia bahati ya watu. Akakubali shingo upande, mradi ua urudishwe mahali pake. Jirani akang'oa ua, akachimba, sisi watoto tukishangilia kila jembe lilipogonga jiwe. Bibi alishuka mashimoni, akarudi amenuna. "Sanduku gani inazikwa mpaka ku magoti tu?"

Halikuonekana. Jirani akaomba radhi, akapanda ua upya, umenyooka vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako: msimu wa kupanda ulipofika, matuta yetu yalikuwa yamepungua. Bibi akaita wazee, akawaingiza ndani ya mtama wa jirani. "Muchimbe hapa. Mupite magoti." Niliogopa sana, wakikosa kitu, shamba limekwenda. Kisha jembe likaleta makaa, mstari mzima. Babu aliyafukia chini ya ua siku alipoupanda, yawe alama ya mpaka, maana makaa hayaozi.

Bibi akaokota kipande, akamwekea jirani mkononi. "Mali yako ni hii, papa. Sasa rudisha miyenzi."

Basi nikamwuliza yule kijana muuza viwanja mpaka wa kiwanja chake unapita wapi. Akazungusha mkono hewani: "Ni huku yote, mama." Makaa ya babu bado yako huko chini, lakini aliyejua pa kuchimba alishakufa, na mimi sikuweza kuonyesha hata shamba lilipoanzia.