Maneno Niliyoyapindua

Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu hapa Kibiti nimeijenga kwa kukata boriti za mikoko, sikurithi hata msumari. Nilichorithi ni kimoja tu, daftari la mjomba, aliloandika kwa herufi za Kiarabu maneno ya tambiko la mashamba yetu kule Mbwera, kwenye delta. Sisi ni Waislamu, tunasali na tunafunga. Na kabla ya kupanda mpunga tunawaita wazee wetu waliokufa, tunawaeleza shida, tunawaaga. Wanaotuita wapagani na waite, nimechoka kubishana.

Maneno yale yana mpangilio. Unaanza na hodi, huku unga mweupe ukimwagwa chini. Wazee wanatajwa mmoja mmoja, halafu shida inasemwa. Mwisho kabisa unawaaga kwamba warudi walikolala. Ukiwaaga kabla hujawaita, umewafukuza.

Sasa, alikuja mgeni kutoka mjini, mpole, ana mashine ya kunasa sauti. Aliletwa na mwenyekiti wa kijiji. Akasema mambo haya yanapotea, kwa hiyo anayakusanya, akaomba alipige picha daftari. Nikamwambia limeliwa na mchwa, na wakati huo nimekalia sanduku lililokuwa na hilo daftari. Basi akaomba nimsomee kwa kichwa. Kumkatalia mgeni wa mwenyekiti mbele za watu ni kumvua mwenyekiti nguo, kwa hiyo nikasoma. Nilianza na kuaga, nikamalizia na hodi, wazee nikawachanganya na wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Yeye kafumba macho, anatikisa kichwa kwa utamu. Siku ile nilijiona nimewashinda wasomi wote wa nchi hii.

Baada ya miaka kadhaa nikasikia ametoa kijitabu. Picha yake ipo juu, kajifunga kaniki, na maandishi yanasema yeye ndiye mrithi, amekabidhiwa na wazee wa delta. Akawa anaitwa huku na huku kutambikia watu, na maneno yakawekwa mtandaoni. Wenzangu wa kibarazani walinitaka niende Utete nikashitaki. Nikawaambia mwacheni, kabeba kapu tupu. Nilicheka siku mbili.

Mwaka huu maji ya chumvi yakaingia kwenye majaruba ya Mbwera, miche ya mpunga ikaungua. Mtoto wa dada yangu ndiye anayelima mashamba yale. Mimi namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Alinipigia simu niende kutambika kabla hawajapanda tena. Mguu wangu ulikuwa umevimba, nikamwambia asubiri. Msimu ukamkimbiza, hakusubiri.

Nilipopata nafuu nikapanda boti Nyamisati. Nikamkuta shambani, jembe mkononi. Akaniambia nisihangaike, tambiko wamekwisha kulifanya, ndugu wote walikuwepo, na maneno aliyapata kwenye simu. Alikuwa na furaha kweli. Nikamwomba nisikie alivyosema.

"Rudini mlikolala," akaanza, "tumeonana, tumeshiba."

Nikakaa chini pale pale kwenye tuta. Aliponiona hivyo akauliza kama amekosea. Jibu jepesi lilikuwa mdomoni, kwamba yule mtu wa mjini alinukuu ovyo. Nani angenibishia? Lakini wazee wangu walikuwa wamefukuzwa kwenye shamba lao wenyewe, na aliyewafukuza ni huyu niliyetaka awatunze.

"Si wewe, mama," nikamwambia. "Wala si yule mgeni. Mimi ndiye niliyempa hivyo, kwa makusudi."

Akawa anabandua tope kwenye jembe kwa kidole. "Kwa hiyo yeye ulimpa ya uongo, na mimi hukunipa kabisa. Mjomba, ulikuwa unamfichia nani?"

"Nilikuwa nangoja ukue."

"Nina wajukuu wawili, mjomba."

Kwetu neno lililopotoka huondolewa na aliyelipotosha. Anajaza maji mdomoni mbele ya ndugu, anasukutua, anatema, kisha anataja kosa lake. Mpwa wangu alitaka afanye kwa niaba yangu, akasema mdomo uliotamka ni wake. Nikakataa. Asubuhi ndugu wakakusanyika. Shemeji yangu, mtani wangu tangu ujana, akasema kwa sauti ya kusikika, "Fundi wa kupumbaza wasomi, kumbe wanafunzi tulikuwa sisi." Watu wakacheka. Mimi sijapata kumwomba mtu radhi tangu nizae. Nikasukutua, nikatema, nikasema nilichofanya, tangu mwanzo hadi mwisho. Maji mengine yalinidondokea kanzu.

Yule wa mjini sina la kumfanya. Nikienda kusema maneno yake ni ya uongo, atawasha mashine, na sauti itakayosikika ni yangu.

Ndugu walipotawanyika, mpwa wangu akaleta kalamu na karatasi. Nikamwambia haya hayaandikwi. Akanitazama tu, maana anajua kama ninavyojua mimi kwamba mjomba wangu aliyaandika. Nilikuwa nimechoka, mguu unavuta, sikuwa na nguvu ya kushindana. Nikaanza kusema. Mara tatu alinisimamisha kwamba naenda mbio, na kwenye majina ya wazee akataka nimwambie kila mmoja alikuwa nani na amezikwa wapi. Wawili sikuwajua. Akaacha nafasi, akaniambia tuendelee.