Tujihesabu Kwanza

Mimi si mtu wa kutoka. Cherehani yangu iko hatua tatu kutoka kitandani, na siku nikifika kisimani naona nimesafiri. Lakini nyumba yetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, imegusana ukuta na banda la video, kwa hiyo nimesikia sinema nyingi kuliko nilizoziona. Anayezitafsiri pale, kipaza sauti mkononi, ni kaka yangu. Ananizidi miaka sita, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu.

Siku moja akaweka filamu ya chombo cha angani. Kila mara kabla ya kuondoka, nahodha alitamka maneno fulani kwa sauti nzito. Kaka hakuyashika. Akasogeza kipaza sauti, akasema, "Tujihesabu kwanza, anga ni kubwa!" Banda likalipuka kwa kicheko. Kufika mara ya nne, watu wote walikuwa wanamsaidia kusema.

Nilimngoja mlangoni. Nimemaliza kidato cha nne, nina haki ya kusumbua watu.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka kwetu Kongo, "yule nahodha alisema tu 'fungeni mlango.'"

"We mutu wa ndani," akanijibu, "batu batoke kwabo kuja kusikiliza mlango?"

"Na yale ni maneno ya mama."

"Ya mama ilikuwa pori. Mimi nimesema anga."

Tulipokimbia vita kutoka Kivu ya Kusini, kila tulipopumzika, mama hakuondoka kabla ya kusema, "Tujihesabu kwanza, pori ni kubwa." Kila mtoto alitaja namba yake. Asubuhi moja namba ya tano haikutajwa. Ilikuwa ya mdogo wetu wa kike. Tangu hapo mama hakuyasema tena maneno yale. Hata sahani huzitoa tu kabatini, bila kuuliza tuko wangapi.

Tukakubaliana na kaka kwamba mama asijue. Haikuwa kazi, mama ni wa kanisa, na banda la video kwake ni nyumba ya shetani. Likifunguliwa, yeye huanza wimbo ili asilisikie.

Ila maneno hayakai nyumbani kama mimi. Makondakta wa Rwekubo, mji wa jirani, waliyachukua. Walevi wa Kaberebere walitoka baa wameshikana mabega, wakijihesabu na kukosea. Mteja mmoja alinihakikishia kwamba Amerika watu wanasema hivyo kila siku. Nikaendelea kushona. Mimi mwenyewe niliyadarizi kwenye jezi za timu ya mpira, na mama alipopita nikazifunika kwa kitenge, kama mwizi wa kuku.

Mwaka jana mama akataka kitambaa cha sare ya kwaya, akakataa kununuliwa bila kukishika kwa mkono wake. Ikabidi twende Mbarara. Tuliingia duka la Mwislamu mmoja mwenye upole. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, akatuomba radhi, akawaita wanawe waende msikitini.

"Tujihesabu kwanza!" akasema.

"Anga ni kubwa!" watoto wakajibu, wakicheka. "Moja! Mbili! Tatu!"

Mkono wa mama ukasimama juu ya kitambaa. Mimi nikaanza kusoma bei, kwa umakini wa mtu anayesali.

"Baba," mama akamuuliza mwenye duka, "hiyo maneno umeitoa wapi?"

"Ni ya filimu, mama. Watu ya kuruka huko juu. Hujaona?"

"Na wakijihesabu, wanatimia?"

"Siku moja fundi wa mashine alikosekana. Wakageuza, wakarudi kumuchukua. Ee, mama, hapo hata mimi nililia."

Kumbe rekodi ya sauti ya kaka ilikuwa imefika mpaka huku. Nilijua kipande hicho. Niliingia bandani kwa ajili yake, nikaona kwa macho yangu: chombo kiligeuka kukwepa mawe, kikaenda zake, na fundi hakuonekana tena. Kaka ndiye aliyesema wamerudi. Nilimbishia wiki nzima.

Tulipolipa na kutoka, mama alitembea mbele mpaka karibu na njia ya kupanda kilima cha Kamukuzi, akanigeukia.

"Ni ndugu yako?"

"Ni yeye, mama. Tusamehe. Hatukutaka ujue."

"Angeniomba." Akatembea tena kidogo. "Ule fundi, walimukuta fasi gani?"

Kidato chote cha nne kikanitoka kichwani.

"Palepale, fasi walimuacha," nikasema. "Alikuwa anawangoja."

Akaitikia kwa kichwa.

"Sisi tulirudi mara mbili. Mimi na ndugu yako. Nyinyi wadogo tuliwaacha kwa shangazi, mulikuwa mumelala. Mara ya pili tukakuta watu wengine wamewasha moto fasi ile ile, tukawauliza. Hawakumuona."

Miaka yote hiyo nilidhani hatukurudi. Sikuwahi kuuliza, na kaka, msema hovyo wa banda la video, hakuwahi kuniambia.

Mama akanipokonya furushi la kitambaa, akasema nimelikunja vibaya.