Alama ya Dole Gumba

Kila kadi ya mzee ilikuwa na mistari sita: kiwanda, nambari iliyo chini ya mpini, nambari ya silinda, mihuri ya jeshi, hali ya chuma, na mstari wa mwisho alioukoleza kwa wino mwekundu: imesafishwa au haijasafishwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikwenda kwake Falls Church, mji mdogo wa Marekani, kila Jumamosi kumwandikia kadi hizo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa Mmarekani, mgane, asiye na mtoto. Alikusanya bastola za zamani za kijeshi, zile za silinda ya risasi sita, na kuwakadiria watu wengine thamani ya za kwao.

Watu walimletea bastola za babu zao zikimetameta kama vijiko vya harusi.

"Nani kaiosha?" aliuliza, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni.

"Mimi mwenyewe," mtu alijibu kwa fahari.

"Basi umefuta miaka themanini kwa dakika kumi."

Moja tu haikuwa na kadi. Aliiweka kando ya kitanda, ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa fulana. Ubavuni ilikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya kahawia, kila mstari wa ngozi ukionekana. Mdogo wake aliishika kwa mkono wa jasho katika kisiwa kimoja huko Pasifiki, wakati wa vita, wala hakuipangusa. Kutu ikaihifadhi alama ile. Rafiki yake aliyenusurika ndiye aliyeileta nyumbani. Mwili haukurudi.

"Picha zake ninazo tatu," mzee aliniambia, kidole chake kikielea juu ya alama bila kuigusa. "Zote anatazama kando."

Mwaka ule mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nami. Hakuwa amemaliza mwezi, mzee alipoanguka jikoni kwake akalazwa hospitali.

"Mtu anayekupa chai kila Jumamosi amelazwa," Mama alisema, "na nyumba yake mmeiacha na vumbi? Watu watauliza umezaliwa na nani."

"Mama, hapa hakuna watu wa kuuliza."

"Kwani mimi si mtu?"

Kwetu mgonjwa harudi katika nyumba chafu. Wanawake huingia, hutoa vyombo vyote nje na kuvisugua mpaka uone uso wako. Nilimwomba mzee ruhusa pale kitandani hospitalini, naye akakubali kwa kichwa. Basi nikampeleka Mama na funguo, nikamwonyesha kabati la vioo lenye bastola. "Usiguse chochote kilichomo humu." Nilimwambia mara mbili, nikamtaka arudie. Akarudia. Kisha nikaenda kumpelekea mzee miwani na nguo za kulalia. Kopo la biskuti sikulitaja. Halikuwamo kabatini.

Niliporudi alasiri nyumba ilinukia limau. Mama alikuwa amelitii agizo langu hata vumbi la kwenye vioo vya kabati hakulipangusa. Sufuria zilikuwa zimepangwa juu ya taulo, kubwa hadi ndogo, na mwisho wa safu, baada ya birika, ilikuwapo bastola, nyeupe kama tumbo la samaki. Alikuwa ameisugua kwa stili waya, limau, na majivu aliyoyachota kwenye meko ya sebuleni.

"Hiyo ndiyo iliyonitesa," alisema, akinionyesha vidole vilivyochubuka. "Kutu imeng'ang'ania kama kupe. Palikuwa na doa hapa ubavuni, bandubandu mpaka likatoka. Mzungu wako analala na bunduki chafu namna hii, jambazi si atamcheka kwanza?"

Akacheka. Nilichukua kioo cha kukuzia nikaipeleka bastola dirishani. Niliyoiona ilikuwa mikwaruzo ya stili waya tu, yote ikielekea upande mmoja. Nikaifunga tena kwa fulana yake, nikairudisha koponi.

Siku ya kumrudisha mzee nilimwambia garini, kabla hatujafika. Nyumbani alilifungua kopo mwenyewe, akaikunjua fulana, akakaa nayo chini ya taa kwa muda mrefu. Alipitisha dole gumba lake ubavuni, mahali ambapo kwa miaka yote hakuwahi kugusa.

Mama alisimama mlangoni, kanga mabegani, akingoja.

"Muulize, ameridhika?"

Mzee alimtazama usoni, kisha mikononi. "Mwambie amejitaabisha sana," alisema. Halafu akaniambia, "Lete kadi."

Alinisomea nambari, nami nikaandika. Kwenye mstari wa mwisho kalamu yangu ikasita.

"Andika kilichopo," alisema.

Nikaandika: imesafishwa. Akaiweka bastola kabatini pamoja na nyingine, akafunga. Fulana alibaki nayo mapajani, ameikunja.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema ahsante, Mama."

Alirudi Tanga akiwa na furaha. Mzee alifariki kabla mwaka haujaisha, nami Mama sikumwambia. Kila nilipompigia simu, baada ya kuulizana afya na kabla kadi ya simu haijaisha, alinikumbusha jambo moja.

"Mzee wa bastola hajambo? Mwambie asiiache ikashika kutu tena."

"Nitamwambia, Mama."