Sinema ya Wasio na Wazee

Iko siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa wewe na mumeo mnakwenda kuishi nchi ya mbali, afadhali nikusimulie kabla hamjaondoka. Ilikuwa miaka ile ya vita kwetu ng'ambo ya ziwa, tulipovuka mimi na Salumu wangu, mtoto wetu Zuhura akiwa bado mgongoni. Tulipanga chumba Ujiji kwa Bibi Mwajuma, mwanamke mfupi, mkali, anayeita mtu sokoni na soko zima likageuka.

Kwetu Salumu alikuwa mwalimu. Huku alibeba magunia ya dagaa pale ufukweni Kibirizi, na jioni akirudi hasemi. Ananawa, anakula, analala. Mimi nikajiaminisha kwamba ananichukia, kwa sababu ndimi niliyesema tukimbie, na mama yake alikataa kupanda boti akabaki. Sikumwuliza. Nami nikanuna, maana nilikuwa na kiburi, si kidogo. Tukafika mahali nimeshapatana na mama mmoja wa kwetu tupande gari la kwenda kambini, mimi na mtoto, Salumu abaki na kimya chake.

Wiki hiyohiyo akaja mama wa Kizungu aliyekuwa akihudumia wakimbizi, na projekta yake na shuka jeupe. Tukajazana kwenye ukumbi wa shule mchana wa Jumapili, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Watu walitaka karate. Loo! Tukapewa sinema ya zamani isiyo na rangi, ya mume na mke waliohamia nchi ya watu kwa kazi ya mume. Yule mama alituambia wajuzi wa sinema wanaiheshimu mno. Risasi hata moja hakuna. Mume anasoma gazeti, mke anamenya chungwa. Mke anatembea peke yake katika mji asioujua, anarudi, mume hamwulizi alikuwa wapi. Mwalimu aliyekuwa akitufasiria akabaki hana la kufasiri. Vijana wakapiga miluzi, lakini mimi jasho lilikuwa likinitoka, maana nyumba ile niliijua. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mapazia.

Ndipo Bibi Mwajuma akasimama katikati ya ukumbi, kivuli chake kikawafunika wale mume na mke pale kwenye shuka.

"Hebu simamisha hiyo! Hawa wazee wao wako wapi? Mbona hakuna hata mtu mmoja wa kuwakalisha chini?"

Watu wakacheka. Yule mama akaeleza, mwalimu akafasiri, kwamba wazazi wao wamebaki nchini kwao, mbali. Bibi akauliza, na majirani? Akajibiwa hawajuani. Bibi akakaa huku akisonya, akasema watoto wa watu wanaangamia hivihivi tunawatazama. Sinema ikaisha hatujui kama waliachana au la.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Bibi akanishika mkono. "Na wewe na mumeo, mnasemezana?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba hayo ni mambo yetu ya ndani, tutayamaliza wenyewe. Mwanangu, alinigeukia!

"Mambo ya ndani? Humo ndani mko wawili tu, na wote wawili mmenuna. Atakayeyamaliza nani, godoro? Kwenu ungemwambia nani?"

Nikasema ningemwambia shangazi.

"Basi kuanzia leo shangazi yako ni mimi."

Nilidhani utani. Kesho yake jioni akatukalisha uani juu ya mkeka. Kwa upande wa Salumu alikuwa amemleta Mzee Kassimu, fundi wa mitumbwi, ambaye Salumu hata kahawa hakuwahi kunywa naye. Lakini ungemsikia! Alimtetea Salumu utadhani amemzaa mwenyewe. Bibi naye hakubali mtoto wake aonewe. Wakabishana wao kwa wao mpaka sisi tukatazamana, na Salumu akacheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu tuvuke.

Mzee Kassimu akamwambia sasa sema. Salumu akasema anaona haya. Alisema mimi nilimjua akiwa na shati la pasi na chaki mkononi, sasa anarudi ananuka dagaa, na kila akiingia mimi natazama pembeni, basi akajua namdharau. Nikamwuliza, "Na mama je?"

Akashangaa. "Mama si alikataa mwenyewe? Usingesema tukimbie, leo Zuhura angekuwa wapi?"

Nililia, mwanangu, wala sikujificha. Muda wote ule nilikuwa nimebeba lawama ambayo hakuna aliyenipa.

Wazee wakatutoza faini ya migebuka, wale samaki wa ziwani, kwa kosa la kununiana, wakaila wao kwa ugali wa muhogo, sisi wakatuachia mchuzi. Gari la kambini liliondoka bila mimi. Sikudanganyi kwamba mambo yalinyooka siku ile. Salumu alibeba magunia muda mrefu, na ugomvi tuligombana sana tu, ila sasa tulijua pa kuupeleka.

Basi nisikilize. Huko mwendako mtaambiwa kila mtu na mambo yake. Msikubali. Hata kabla hamjanunua sufuria ya pili, tafuteni mtu mzima wa upande wako na mwingine wa upande wake. Wawe wa kabila lolote, dini yoyote, ilimradi wana masikio na hawaogopi kukukosoa. Kama hawajui kwamba wamekuwa wazee wenu, waambieni. Sisemi uvumilie kila kitu. Mume akikuinulia mkono, toka, na wazee haohao ndio watakaokufungulia mlango. Lakini kimya usikiache kikalala ndani, maana kila mmoja wenu atakijaza maneno yake mwenyewe, na yote yatakuwa mabaya.

Mungu awavushe salama, mwanangu. Awatunze katika baridi ya huko, awape kazi na watoto, na awape jirani wa kuwauliza mnaendeleaje, ambaye hataondoka mlangoni mpaka amejibiwa ukweli.