Kina Zannis Watano wa Rafu Moja

Siku Marouso alipotolewa hospitali ya mjini na nyonga mpya, hakutaka kupelekwa nyumbani kwanza. Alimwambia binti yake Annezio asimamishe gari makaburini, akashuka na fimbo yake, akaenda kumsalimu mumewe, Zannis Kortesas. Mumewe alikuwa na miaka kumi na minne tangu afe. Mifupa yake ilikaa kwenye sanduku la bati katika chumba cha mifupa nyuma ya kanisa, sanduku la tatu kutoka dirishani, rafu ya kati.

Alipofungua mlango alidhani amekosea kijiji. Kuta zilikuwa nyeupe pe, zanuka chokaa. Masanduku yote yalikuwa yamesuguliwa na kupakwa rangi mpya, kila moja limeandikwa jina kwa herufi za buluu. La tatu kutoka dirishani lilikuwa la mwanamke. Marouso akavaa miwani, akaanza kusoma rafu ya chini. Zannis Kortesas. Zannis Kortesas. Zannis Kortesas. Alipofika wa tano, akaketi juu ya ndoo ya chokaa.

Kosa hili lisingeweza kutokea penginepo. Kijijini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, hapana mjadala. Mzee Zannis Kortesas, yule tuliyemwita Sharubu, alikuwa na watoto wa kiume kadhaa, na wawili kati yao walijaliwa wavulana. Basi wajukuu hao wawili wote wakawa Zannis Kortesas, kama babu yao, na kama babu wa babu yao, na kama yule wa kale kabisa ambaye ukoo unapenda kudai alipigana na Waturuki. Mtu akiwa hai hilo si taabu, kwa sababu tuna majina ya utani. Mjukuu mmoja aliitwa Zannis Jogoo, mwingine Zannis Kimya. Lakini utani hauingii kanisani. Kwenye sanduku huandikwa jina la ubatizo, na mwaka wa kifo, na aliye wako unamjua kwa mahali alipowekwa.

Na aliyewaweka mahali pao alikuwa Marouso mwenyewe. Kwa miaka thelathini na minane yeye ndiye aliyekuwa mwoshaji. Wafu wetu hawakai kaburini milele. Ikitimia miaka mitano au sita wanafukuliwa, mifupa inaoshwa kwa mvinyo mwekundu, inaanikwa juani, kisha inapangwa sandukuni, miguu chini, fuvu juu. Wengine walilia, wengine walizimia, Marouso alikuwa akiwasemesha wafu kama watoto wanaooga. "Geuka huku," angesema. "Ulivyokuwa mzito, na sasa tazama." Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake.

Padri alifika mbio. Alikuwa kijana, Padri Isidoros, ana mwaka mmoja tu kwetu, ndevu bado hazijajaa.

"Umerudi, bibi! Umeona palivyopendeza? Askofu anakuja Jumamosi ya Wafu, kuwaombea marehemu wetu."

"Nimeona, Baba. Miaka iko wapi? Kila sanduku lilikuwa na mwaka wake."

"Kutu ilishaila, haisomeki. Tuliyatoa yote uani, akina mama wakayasugua, tukaandika upya majina yaliyosomeka, kama yalivyo kwenye daftari la ubatizo."

"Na mume wangu yuko wapi?"

"Huyu hapa," padri akasema, akanyoosha kidole.

"Na huyu wa pembeni yake?"

Padri akasoma. Akasoma na la tatu. Uso ukamwiva.

"Wote wamo, bibi. Hakuna aliyepotea, na Mungu anawajua walio wake."

"Mungu anawajua, Baba, sikatai. Lakini siku yangu ikifika, atakayeniweka sandukuni si Mungu, ni Annezio. Na Annezio hata funguo za gari anazitafuta huku kazishika."

"Mama!" Annezio akalalama kutoka mlangoni.

"Uongo?"

Marouso hakuwa akitania. Alikwisha kuagiza mbele ya watoto wake wote: akifa, nao wakimfukua, mifupa yake iwekwe sanduku moja na ya mumewe. Ndilo jambo pekee aliloliomba. Sasa angeweza kulala mpaka siku ya kiyama na babu mkwe wake Sharubu, aliyekuwa akiuita mkate wake jiwe la mgodini. Au vibaya zaidi, na Jogoo. Wazo hilo lilimuuma kuliko nyonga.

Habari ya Jogoo ilianza Marouso akiwa na miaka kumi na tisa. Vijana wote wawili walikuwa wakichimba mawe ya kunolea katika mgodi wa juu ya kijiji, wote warefu, wote weusi kwa vumbi. Jogoo alijipaka mafuta nywele na kuimba chini ya madirisha ya watu. Wakati wa kuvuna zabibu alitangaza mbele ya kijiji kizima kwamba Marouso ni kuku wake, amebaki kumkamata tu. Marouso akaapa kwamba hatakamatwa.

Jioni moja shangazi yake akaja mbio. "Marouso, vaa vizuri! Zannis Kortesas anakuja kukuposa!"

Shangazi hakusema Zannis yupi. Kwake yeye alikuwa mmoja tu wa maana. Marouso naye aliona Jogoo peke yake akilini. Aliposikia hatua, akaufungua mlango kidogo, akaona mkono ukishika mwimo, akaubamiza mlango kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Hapakuwa na kelele. Ilisikika pumzi tu, kisha sauti ya chini kabisa ikasema, "Nitakuja kesho, kama leo mna kazi."

Alikuwa Kimya. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilivunjika, kikaungana kikiwa kimepinda, na hakikukunjika tena. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa alikunywa kahawa kidole kikiwa juu, wanaume mkahawani wakimwita bwana mkubwa. Hakuwaambia hata siku moja kilivunjwa na nani. Marouso alimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Pale juu ya ndoo ya chokaa, Marouso akanyanyua kichwa ghafla.

"Baba, niletee mvinyo na shuka safi. Tunafungua."

"Tunafungua nini?"

"Wote watano."

Padri akasema labda amuulize askofu. Marouso akamwambia amuulize pia askofu kama anataka kuipata Jumamosi ile ngano tamu ya kuchemsha inayoliwa kuwakumbuka wafu, kwa sababu anayejua kuipika ni yeye. Padri akaenda kuleta mvinyo.

Walitandika shuka uani, penye jua. Sanduku la kwanza lilikuwa na vipande tu, vyepesi, vya rangi ya chai. Huyo ndiye wa Waturuki, Marouso akasema, akamfunika. La pili, lenye mifupa iliyoanza kumomonyoka kwa uzee, lilikuwa la babu wa Sharubu. La tatu Sharubu mwenyewe, taya halina jino hata moja. "Umeona, mzee?" akamwambia. "Kosa halikuwa la mkate."

Yakabaki mawili. Mifupa ilifanana. Mirefu yote, mizito yote, wote wawili wamechimba mgodi mmoja na kunywa maziwa ya mbuzi wa bibi yao mmoja. Padri alitazama huku na huku akaacha hata kujifanya anasali.

Marouso akavipanga vidole vya sanduku la nne kimoja kimoja juu ya shuka, kama mtu anayepembua dengu. Vyote vilikuwa vimenyooka. Akavirudia. Vimenyooka. Akalivuta la tano, na kwa muda hakutaka kulifungua. Je, kama kile kidole hakimo? Mifupa midogo hupotea. Ilikuwa imemwagwa uani na akina mama wenye haraka, na kuku wa padri wanazurura humo.

"Mama, nikusaidie?" Annezio akauliza kwa sauti ndogo.

"Usiguse."

Kilikuwa chini kabisa, pembeni, kimeganda na chokaa. Marouso akakitia mvinyo, akakisugua kwa kidole gumba, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kimepinda, na kovu la mfupa katikati limevimba.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu hapa, jamani! Kumbe upo!"

Akalia na kucheka kwa pamoja, padri naye akajikuta anacheka, huku akifuta macho kwa mkono wa kanzu. Mzigo wa siku nzima ulimtoka Marouso mabegani. Alimwosha mumewe upya, mfupa kwa mfupa, akimsimulia habari za hospitali na madaktari wasiojua kupika kahawa.

Mvinyo ulipobaki robo, akamgeukia wa nne. Jogoo hakuoa kamwe. Alikufa peke yake, na hata mara ya kwanza ni Marouso aliyemwosha, maana hapakuwa na mwingine.

"Nawe usinune," akamwambia, akimmiminia mvinyo wote uliobaki. "Mlango ule ulikuwa wako."

Padri alileta brashi na rangi ya buluu, akasema kwa haya kwamba mara hii tu, kanisa litavumilia utani. Aliandika Kimya chini ya jina la sanduku la tano, Jogoo chini ya la nne, akaendelea na wengine. Marouso akamshukuru, lakini alipofika garini alimshika Annezio mkono.

"Rangi ya padri itatoka, kama ile iliyotoka. Wewe jina usilisome. Siku ukinileta, fungua, mtafute mwenye kidole kibovu. Uniweke naye, upande wa kidole hicho."

"Sawa, mama."

"Na sasa twende nyumbani. Nina njaa."