Mkono Uliolowekwa Mtoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Nilikuwa kijana wa mbio hapa Kerende, na ng'ombe wetu wote walikuwa wameibwa. Bila wao hapakuwa na maziwa nyumbani. Asubuhi tukafuata nyayo, mimi na baba yangu mdogo, Chacha, mpaka penye majani yaliyolala, mahali walipopumzishwa.

Nikaweka kiganja chini. "Pamepoa, Baba. Wamekwenda zamani. Turudi."

"Umekimbia tangu nyumbani, mkono wako ni jiko, halafu unaisingizia ardhi?" akasema. "Nenda mtoni ukauloweke!"

Nikauloweka, nikarudi, nikagusa tena. Palikuwa na uvuguvugu, mdogo kama pumzi ya ndama. Ng'ombe tuliwakuta nyuma ya kilima. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kisa hicho nilimsimulia binti yangu Bhoke. Akakua, akasoma, akaenda nchi ya mbali kuunda vitambuzi vinavyofungwa kwenye darubini. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nasema tu alivyonieleza. Ipo nuru isiyoonekana kwa macho, hafifu mno, inayotoka kwenye mavumbi ya angani ambako nyota huzaliwa. Ili kuinasa, yeye na wenzake walipooza utando mwembamba wa metali, ukawa baridi kupita barafu yoyote, mpaka umeme ukapita ndani yake bila kizuizi chochote. Hapo hata joto dogo kabisa la nuru hiyo likiugusa, unashtuka.

"Chombo chenyewe kikiwa na joto, Baba, kinajisikia chenyewe tu," aliniambia kwa simu, akicheka. "Kazi yangu ni kuloweka mkono wa babu Chacha."

"Mkono ulikuwa wangu," nikamjibu. "Babu alikuwa na maneno tu."

Bhoke tulimzika mwaka huu, kabla ya mvua. Nilipotoka kaburini nilisema nyumba hii imepoa, hakuna kilichobaki. Nilisema upesi, kama siku ile. Kilio kilipokwisha, nikakaa kimya siku nyingi, ndipo asubuhi moja nikasikia maziwa yakilia ndani ya kibuyu. Jirani yangu alikuwa akinikamulia ng'ombe na kunijazia kibuyu mlangoni. Alikuwa akifanya hivyo tangu mazishi. Sikuwa nimesikia.

Basi, mwanangu, usiseme kitu kimepoa kabla hujaupoza mkono wako. Ukiwa na uchungu au hasira, tulia kwanza, ndipo uguse, ndipo useme. Mungu akujalie utulivu huo, na siku utakapodhani umebaki peke yako, akusikizishe kibuyu kinachojazwa mlangoni pako.