Nambari Aliyoiokoa Fundi Saa wa Kibokoni

Habari za msiba zilinikuta Makupa, nimeinama nakagua tairi la gari langu huku nikibishana na muuzaji. Fundi saa wetu wa Kibokoni amefariki, maziko baada ya Alasiri. Nilisema yanayosemwa, nikainuka, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimemwona akilini marehemu vilevile alivyokuwa akiinamia kona mwili mzima, bega karibu liguse ukuta, ilhali maishani mwake hakuwahi kuendesha hata mkokoteni. Magari yake yalikuwa ndani ya kidude kinachotosha kiganjani, na kwa kidude hicho alimfanyia mamangu hisani ambayo sijaisahau.

Ilikuwa miaka ya tisini. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Kibokoni kuliko changu mimi. Duka lake lilikuwa jembamba hivi kwamba mteja wa pili alisubiri nje. Siku moja shemeji yake akamletea kutoka Dubai gemu ya mbio za magari, ile ya kushika mkononi. Kwenye boksi palichorwa gari jekundu, milima na umati unaoshangilia, na ikaandikwa kwamba mbio hizi ndizo zile za mashine kubwa za kumbi za michezo, zenye usukani na kiti kinachotikisika. Ukiiwasha, unaona vigari vitatu vyeusi vinavyoonekana na kupotea kwenye kioo cha kijivu, na unasikia mlio kama wa mbu. Hilo halikutuzuia. Sisi wa baraza iliyokuwa mkabala na duka, watu wazima wenye ndevu na familia, tukawa kila baada ya Alasiri tunapokezana gemu na kikombe cha kahawa. Sheria ikajitunga yenyewe: mwenye rekodi hukaa pembeni penye kivuli, na humiminiwa kahawa kwanza, hata mbele ya wazee.

Mahali hapo nilipakalia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili fundi akavuka njia, uso umemchangamka: "Nimewatilia betri mpya, mabwana!" Nikabonyeza kuitazama rekodi yangu. Sifuri. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba gemu ile hukumbuka maadamu betri zimo, na ukizitoa husahau kila kitu.

"Rekodi yangu iko wapi?" nikauliza.

"Rekodi gani, mwalimu?" akajibu karani mmoja wa bandarini, ambaye tayari alikuwa amekalia mahali pangu. "Sisi twaona sifuri. Hebu nimiminie kahawa."

Nilinuna siku tatu, naona haya kusema. Siku ya nne fundi akaniita dukani. Alikuwa na betri mbili mpya zilizofungwa pamoja kwa utepe, na nyaya mbili zikichomoza. Alizishikanisha na gemu huku betri za zamani zingalimo, ndipo akazitoa zile za zamani, akatia nyingine mahali pake, mwisho akaondoa nyaya. Nambari iliyokuwa kiooni haikutikisika. "Ningejua haya mapema, usingenuna," akasema.

Mwaka uleule mamangu alianguka ngazini akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alikuwa mshonaji wa kofia, zile za vitobo zinazoshonwa kwa mkono miezi na miezi. Plasta ilipotolewa vidole vikagoma. Akatia sindano zake mkebeni, akasema mkono umekwisha. Fundi aliposikia akaniazima gemu: "Mpe mama, azoeze vidole." Mama akaidharau. "Mimi na motokaa, wapi na wapi?" Baada ya wiki alikuwa akiwaamkia wageni bila kuinua macho. Kisha akanitolea kauli: siku atakapofika elfu moja atashika sindano, na asipofika, asisikie tena habari ya kofia. Namjua mamangu. Alipofika mia tisa na arobaini, kioo kikaanza kufifia, betri zinakwisha.

Fundi alikuja na nyaya zake, akakaa mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na ikipotea?"

"Ikipotea n'takaa papa hapa n'icheze hata irudi."

"Si mkono wako ulovundika," mama akamjibu.

Fundi akafunga betri mpya kwanza, akazijaribu mara mbili, ndipo akazitoa za zamani. Mia tisa na arobaini ikabaki palepale. Mama hakungoja hata mgeni amalize chai aliyokaribishwa, akamnyang'anya gemu. Siku ya pili alipata elfu moja na kumi na mbili, akaniagiza mkebe wa sindano. Kofia ya kwanza aliyoimaliza ilikuwa na ua lililopinda upande mmoja, akampa fundi. Naye aliivaa akilielekeza ua hilo mbele kwa makusudi, na akiulizwa hujibu, "Hapo mama alikuwa akikata kona."

Nimefundisha miaka mingi, na nimeona jinsi tunavyoagana kazini. Mzee anayestaafu anapewa keki Ijumaa, kijana anapewa ufunguo Jumatatu, na hawakuonana hata dakika moja. Kisha tunashangaa maabara haina anayejua bomba lipi lavuja. Fundi hakufanya hivyo. Alimkalisha bintiye kando yake katika duka lile lile jembamba, miaka, hata wateja wakalalamika kwamba hakuna pa kuweka kiwiko. Alipopunguza kuja kazini, wengi hawakugundua.

Gemu ile alituachia. Mama alitangulia zamani, na rekodi aliyoacha sijathubutu kuigusa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani niliipeleka dukani, na fundi alinibadilishia betri mwenyewe, binti akitazama. Mwaka huu kioo kimefifia naye hayupo. Nilikwenda baada ya matanga, nikaiweka mezani. Binti alifungua droo, akatoa nyaya mbili, akafunga betri mpya kwanza, akazijaribu mara mbili. Aliponirudishia, nambari ya mamangu ilikuwa palepale, nami nikalia mbele ya wateja wawili waliosubiri mlangoni na saa arobaini za ukutani.

Basi, ndugu msomaji, kama kazini kwako au nyumbani kwako yuko mtu anayekaribia kuondoka na jambo analolijua peke yake, mkalishe mwenzake ubavuni pake leo, wote wawili wakiwa wazima. Watabanana kidogo. Na wabanane.